Mawe ya Kaburi la Sekiete

Jiwe la dua na jiwe la laana hulala kaburi moja. Mmeusikia usemi huu kwa mzee Mbonea asubuhi, na tangu hapo mnanipigia kelele, huyu anasema Sekiete alikuwa mwokozi, yule anasema muuaji. Haya, kaeni chini mnyamaze. Usemi huo una mwanzo wake, na mwanzo wenyewe si wa kuchekea.

Sekiete alikuwa mtawala wa kilima hiki enzi za ndui. Ugonjwa ulipoanza kupanda kutoka bondeni, aliamuru lango la boma lifungwe, asiingie mtu. Waliokuwa ndani walipona. Waliokuwa mashambani na sokoni walirudi wakakuta lango limefungwa, wakabisha siku tatu, kisha wakanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa, sipambi wala sipunguzi.

Alipokufa alizikwa kando ya njia kuu. Desturi mnaijua: apitaye kaburi la mtawala huweka jiwe. Watu wa juu, watoto wa waliopona, waliweka kwa heshima. Watu wa bondeni, watoto wa waliofungiwa nje, walipita hapo hapo wakienda sokoni, na kila mmoja alilivurumisha lake kwa hasira, akalaani, akaendelea na safari yake. Miaka ikapita, rundo likamzidi mtu kimo.

Mtunzaji wa kaburi alikuwa Namkunda, binti wa mwisho wa Sekiete, mjane asiyependa maneno mengi. Siku moja akiwa anang'oa magugu pale, aliwaona wanaume wa bondeni wakipanda na majembe, kama thelathini hivi. Mbele yao alikuwa Kiangi, ambaye mama yake alifia nje ya lango. Nyuma yake alisikia watu wa juu wakishuka, na wao hawakubeba majembe. Walibeba mapanga.

"Shikamoo, mama," Kiangi alisema.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Mawe yetu. Juzi mkwe wangu kutoka mbali kaniuliza, huyu alipendwa kiasi gani hata akawekewa rundo kubwa namna hii? Ndipo nikawakusanya hawa. Nusu ya sifa hii ni laana zetu, mama. Tumemjengea heshima mtu aliyetuua."

"Yachukueni," alifoka mmoja wa watu wa juu. "Yenu tu. Ukigusa letu hata moja, mkono unaubakisha hapa."

Kiangi alipanda, akainua jiwe.

"Hili letu."

"Weka chini. Hilo nililiweka mimi."

"Lina alama gani?"

"Lako lina alama gani?"

Akainua la pili, ikawa vilevile. La tatu, panga likainuliwa. Namkunda aliona wazi kwamba jua halitafika utosini kabla watu hawajauana. Alikuwa na neno moja la kuwazuia, neno alilolificha tumboni miaka arobaini, na alijua kwamba akilisema huenda wakamuua yeye. Akaingia katikati yao.

"Anzeni na mimi," alisema. "Baba aliamuru tu. Aliyesukuma komeo ni mimi."

Akaikunjua mikono yake mbele yao.

"Dada yangu Naetwe alikuwa nje, mwanawe mgongoni. Aliniita kwa jina. Na mama yako, Kiangi, alikuwa naye, nilimsikia. Nililishika lile komeo kwa mikono miwili mpaka sauti zikaisha. Ninyi wa juu, mama zenu walipona nyuma ya mikono hii."

Jiwe lilikuwa bado mkononi mwa Kiangi. Namkunda alimwona akilipima uzito, akafumba macho, akangoja.

"Wewe huweka jiwe hapa kila asubuhi," Kiangi alisema hatimaye. "Humwombea au humlaani?"

"Nikiamka nikaona napumua, namwombea. Nikimkumbuka Naetwe, namlaani. Mawe yote nayaweka hapo hapo. Ukiniambia nikuchagulie, hata yangu mwenyewe siwezi kuyatenganisha."

Kiangi hakumsamehe, msije mkaenda kusema alimsamehe. Mpaka anakufa hakukanyaga tena nyumba ya Namkunda. Lakini asubuhi ile alilirudisha jiwe juu ya rundo, akashuka taratibu, akasimama kati ya wenye majembe na wenye mapanga.

"Rudini nyumbani," aliwaambia. "Na mtu akiwauliza habari za aliyelala hapa, msimpe nusu. Mwambieni jiwe la dua na jiwe la laana hulala kaburi moja."