Kitabu cha Kufungia Bagia

Hapo zamani, si zamani sana, bagia zilipokuwa bado zinafungwa kwa karatasi, watu wa mji wa Ukwajuni walimpenda mwandishi mmoja kuliko walivyoupenda usingizi wao. Jina lake Bi Nasra Kondo. Hakuna aliyewahi kumwona, na hakuna aliyewahi kukiona kitabu chake kikiwa kizima.

Ilikuwa hivi. Muuza bagia wa mji, Bi Chausiku, alinunua furushi la karatasi kuukuu, na ndani yake kilikuwamo kitabu cha Bi Nasra, hadithi ya mtoto Kibibi aliyepotezana na mama yake gulioni. Bi Chausiku akakichana ukurasa mmojammoja, akafungia bagia. Aliyekula bagia akasoma. Aliyesoma akarudi kununua bagia. Mji mzima ukaipenda hadithi, kila mtu na kipande chake, kila kipande na mafuta yake.

Huko kwao Bi Nasra, mchwa waliingia ghalani wakala vitabu vyake vyote, wakamalizia na mswada. Maskini mama wa watu akabaki mikono mitupu. Aliposikia kwamba huko Ukwajuni ana wasomaji, akatuma ujumbe: atakuja kuzungumza nao, na atakayemrudishia kitabu chake kizima, jina lake litachapwa ukurasa wa kwanza, peke yake, kitabu kitakapochapwa upya.

Siku ikafika, ukumbi wa shule ukajaa. Bi Nasra akauliza ni nani amesoma kitabu chake. Mikono yote juu. Akauliza ni nani amekisoma chote. Mikono yote chini. Akaketi bila kukaribishwa.

Ndipo akainuka Sefu, fundi cherehani, amekumbatia kitu kinene kinachonukia vitunguu. Fundi huyu alikula bagia kila siku ingawa tumbo lilimkataza, ili apate kurasa. Za wenzake alizipata kwa vifungo: ukimletea ukurasa, anakushonea kifungo bure. Kisha akazishona pamoja kwa cherehani, kwa jinsi zilivyomfikia. Basi katika kitabu cha Sefu, bibi yake Kibibi anazikwa, halafu anaolewa, halafu anazaliwa. Sefu alimwambia mwandishi kwamba hapo ndipo alipomvulia kofia, maana waandishi wengine hawathubutu.

Bi Nasra akacheka huku anafuta machozi. Akakifumua, akapanga kurasa upya. Zote zilikuwapo, isipokuwa wa mwisho.

"Wa mwisho uko wapi?" akauliza.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama Zamda, mama mchanga, mwanawe mgongoni, ili mtoto akilia atoke asiwasumbue watu. Akasema ukurasa huo alikuwa nao yeye. Kila jioni alimsomea mama mkwe wake asiyeweza kuinuka kitandani, mpaka akaujua kwa moyo. Halafu mwanawe akautafuna akaumeza, kwa kuwa ulikuwa na chumvi.

Bi Nasra akamwomba ausome huohuo wa moyoni. Zamda akasoma: jua linazama, gulio limeisha, wafagiaji wanafagia, na Kibibi yuko chini ya meza ya muuza ndizi. Mama yake anakuja, anainama, anamwambia, "Mbona umekaa mahali pachafu?" Wakaenda nyumbani. Ukumbi mzima ulilia, na fundi Sefu akalia kwa sauti.

Bi Nasra peke yake hakulia. Akasema, "Mwanangu, niliuandika ukurasa huo nikiwa na homa, nimeusahau. Nakumbuka kitu kimoja tu. Yule mama hakumpata mtoto wake."

Zamda akainamisha kichwa. "Ndivyo ulivyosema, Bi Nasra. Lakini mama mkwe wangu naye alipotelewa na mwana. Siku ya kwanza nilipomsomea na kufika pale, ulimi ulikataa. Nikasoma kingine. Naomba radhi."

Bi Nasra akamwita mbele. Akatoa kalamu, akamwambia aseme tena, polepole. Akauandika kama alivyosema Zamda, neno kwa neno, akasema sasa kitabu chake ni kizima.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Bi Chausiku akasema, "Jina ni langu. Kama si mimi, nani hapa angemjua Kibibi? Tena sikufungia ovyo. Kurasa za kuchekesha niliwafungia waliofiwa."

"Uliyekichana ndiye unayedai?" Sefu akamjibu. "Jina ni langu. Wewe ulitawanya, mimi nilikusanya. Tumbo langu mpaka leo si tumbo."

"Nisingechana ungekusanya nini, fundi? Vifungo?"

Majirani wa Zamda wakasema jina ni la Zamda, aliyekipa kitabu mwisho. Zamda akasema asiandikwe yeye, yeye alidanganya. Kama ni lazima, aandikwe mama mkwe, maana bila mama yule ukurasa ungebaki na kilio chake. Babu mmoja wa mstari wa mbele akasema wote wamekosea: ukurasa wa kweli anao mtoto tumboni, basi jina ni la mtoto. Watu wakacheka, kisha wakageuka kumtazama mtoto.

Bi Nasra akainamia ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya, mweupe, usio na hata tone la mafuta. Aliahidi jina moja, na ahadi ni ahadi. Akatazama aliyechana, aliyeshona, aliyebadilisha, na yule mdogo aliyemeza, ambaye sasa alikuwa anautazama ukurasa huo kwa hamu.

Enyi mnaosikiliza, kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?