Msiba wa Injinia Gustavo

Leo nina mfano, na kabla sijaanza ninaomba jambo moja. Utakayejikuta ndani yake, usigeuke kuangalia kama jirani amegundua. Tazama mbele. Jirani naye anatazama mbele, na huenda sababu yenu ni moja.

Palikuwa na mama mmoja, mjane, mpishi wa shughuli. Harusi, kipaimara, arobaini, hakuna sufuria lililopakuliwa mtaani kwao kabla yeye hajaonja chumvi. Akionja akanyamaza, kamati nzima inatokwa jasho. Akionja akasema "haya," basi hata bwana harusi anaanza kupumua.

Mama huyu, mume amefariki miaka sita iliyopita, watoto wako mbali, akapata rafiki kwenye simu. Injinia Gustavo. Na muone maajabu ya mfano huu: humu ndani mtu pekee mwenye jina ndiye mtu pekee ambaye hayupo! Injinia anachimba mafuta katikati ya bahari. Kofia ya njano, meno meupe, na mbwa mkubwa pembeni. Mbwa katikati ya bahari anachunga nini? Mama hakuuliza. Na wewe unayecheka hapo mbele, mtu akikuamkia kila asubuhi kwa miezi minane, na nyumba ina ukimya wa miaka sita, utamuuliza habari za mbwa?

Injinia akamfundisha kuwekeza. Kuna mahali kwenye simu, unaweka hela, tarakimu zinaumuka kama unga wa maandazi. Mama akauza masufuria yake makubwa ya shughuli. Akauza na kiwanja alichoachiwa na mume wake. Alipotaka kutoa, akaambiwa kuna kodi. Akalipa. Akaambiwa kuna kodi ya ile kodi. Akalipa. Asubuhi moja akaandika, "Umeamkaje, mpenzi?" na ujumbe ukagoma kwenda. Injinia hayupo. Mahali pa tarakimu hapapo. Hata mbwa hayupo.

Akaenda polisi, akatoa maelezo, akarudi nyumbani, akafunga mlango. Watu wakibisha hodi anajibu kwa ndani kwamba ana malaria. Hela ilimuuma, nani haimuumi? Lakini kilichokuwa kinamla ni kwamba kila akiamka, mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya mto kutafuta salamu ya mtu ambaye hakuzaliwa. Halafu anajisonya. "Mimi? Mwenye wajukuu? Mimi ninayejua chumvi ikipungua hata nikiwa barabarani?" Akakata tiketi ya basi la Ijumaa, ahamie kwa kaka yake mkoa wa mbali, ambako hakuna anayemjua. Akafunga begi.

Jumatano akaja dada yake mkubwa.

"Mdogo wangu, fungua."

"Nina malaria, dada."

"Malaria ya wiki ya tatu? Hiyo mmeshazoeana, ingekuwa na adabu ingeshaleta mahari. Fungua!"

Akafungua. Akasema yote, amekaa juu ya lile begi. Dada yake hakusema "nilikuambia," maana hakuwa amemwambia. Akauliza:

"Ulimpenda?"

"Nilimpenda."

"Na sasa hayupo."

"Hakuwahi kuwepo, dada!"

"Hilo ni la polisi. Mimi nakuuliza ya kwako. Ulimpenda, na sasa hayupo. Kwetu mtu akifikwa na hilo tunatandika mkeka. Wewe una msiba, mdogo wangu, na unaulilia peke yako kama mchawi."

"Watanicheka."

"Watakucheka sana. Lakini watakuja kukuchekea hapa kwako, wamekaa."

"Fanya utakavyo. Mimi Ijumaa naondoka."

Jamani, dada mkubwa usimwambie "fanya utakavyo." Kesho yake asubuhi uani kuna turubai! Mikeka imetandikwa, kina mama wamejifunga kanga, wanaume wako kwenye mabenchi na nyuso za msibani, ingawa nusu yao hawajui aliyekufa ni nani. Masufuria yametoka kwenye kikundi cha akina mama, moto umekokwa, pilau inaanza. Na mama yetu? Yuko chumbani, kanga kichwani, anahesabu saa za basi.

Sasa nyie niambieni. Utapikaje pilau uani kwa mpishi wa shughuli, bila yeye? Haikupita nusu saa, harufu ikapenya dirishani. Vitunguu vinaungua. Mama akaziba pua. Akajigeuza ukutani. Akasikia mtu anasema, "Mwaga tu mchele, vitaiva humo humo." Hapo mlango ulifunguka mpaka ukagonga ukuta.

"Nani amewasha moto wa kuchomea matofali chini ya vitunguu vyangu? Ondoa kuni mbili! Wewe, lete mwiko!"

Ndivyo alivyotoka chumbani. Wiki tatu za maombi yetu na dawa ya malaria hazikufua dafu. Alitolewa na vitunguu. Ninyi mnaosema Mungu hana mzaha, mmemchunguza vizuri?

Mama bado ameshika mwiko, dada yake akawatangazia waombolezaji kwa kifupi marehemu ni nani na amekufa kwa namna gani. Mama akauona ule mcheko aliouogopa ukitambaa kwenye midomo ya watu, unatafuta ruhusa. Na hapo akaingia mtani.

Mama ni Mnyamwezi, na fundi baiskeli wa pale kona ni Mngoni. Na mtani msibani hazuiliwi, mnajua. Aliingia na koti la suti la kuazima, miwani ya jua, na ndoo ya njano kichwani badala ya kofia. Akajilaza katikati ya mkeka, mikono kifuani.

"Ndiye mimi, Injinia Gustavo. Nilieni!"

Kina mama wakalia kwa makelele. Marehemu akainuka.

"Subirini, msinizike. Malkia wangu, mwili umezuiliwa forodhani. Unahitaji kodi kidogo tu ya jeneza. Ukituma leo, kesho ninafufuka na faida!"

Uwanja ukalipuka. Waliokuwa wamesimama walikaa chini. Mama alijizuia, akabana midomo, akatazama sufuria, na cheko likamtoka puani, kisha kwa mdomo, kisha kwa mwili mzima mpaka mwiko ukadondoka. Mara ya kwanza tangu siku ile. Alihisi kama mtu aliyevua kiatu kilichombana tangu harusi ya mtu mwingine.

Mtani akaona soko limechangamka. Akashika simu ya kubuni sikioni, akalainisha sauti:

"Umeamkaje, malkia wangu? Umeota nini, nikutimizie?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Habari za kodi alimwambia dada yake, na dada akampa mtani. Za kofia na mbwa pia. Lakini maneno yale, "umeota nini, nikutimizie," yalikuwa ya asubuhi yake, ya chini ya mto. Hakumwambia mtu. Alikuwa anaona aibu hata kujikumbusha.

"Mtani," akasema. "Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Nimetunga tu."

"Hukutunga."

Mtani akaivua ile ndoo, akaishika magotini kama mtoto aliyerudishwa kutoka kisimani bila maji.

"Mimi aliniandikia nesi," akasema. "Wa Uturuki. Kila asubuhi hivyo hivyo, ila badala ya malkia aliniita mfalme. Ile pikipiki yangu, ile niliyosema imeibiwa stendi ya Nzega..."

"Tuliyokuchangia pole?" mtu akauliza kutoka kwenye benchi.

"Hiyo hiyo. Haikuibiwa. Niliiuza, nikamtumia nesi."

Hakuna aliyecheka. Nyuma kabisa mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na mwenzake akamshika mkono bila kumuuliza kitu.

Mama yetu akamtazama fundi baiskeli. Miezi yote ile aliamini maneno yale yalitengenezwa kwa ajili yake, kwa sababu yeye ni malkia. Kisha akaamini yalitengenezwa kwa ajili yake kwa sababu yeye ni mjinga. Kumbe si hili wala si lile. Yeye anaijua kazi ya shughuli. Maneno yale yalipikwa kwenye sufuria kubwa na kupakuliwa kwa kila aliyekuwa na sahani. Kosa lake lilikuwa njaa. Na njaa si ujinga.

Akaokota mwiko, akaupangusa.

"Kwa hiyo mimi na wewe," akasema, "tumeachwa na mume mmoja."

"Ndivyo ilivyo, mtani."

"Basi, mke mwenzangu, vaa ndoo yako uje kuchochea moto. Chakula chetu kinaungua."

Hapo sasa! Vicheko vya siku ile vilifika mpaka sokoni. Pilau ikaiva. Mama akaonja chumvi, watu wote wakimtazama mdomoni. Akasema, "Haya."

Walipoanua tanga, wakagawa mirathi ya marehemu: picha kumi na moja na mbwa mmoja. Mama akazifuta mwenyewe, moja moja. Kiwanja hakikurudi, nisiwadanganye. Pikipiki haikurudi. Lakini basi la Ijumaa liliondoka na kiti kimoja kitupu, na Jumamosi kulikuwa na kipaimara, na mama alikuwa jikoni kwa masufuria ya kuazima, anagombeza watu.

Sasa tuje kwetu, wapendwa. Mtu akivunjiwa nyumba akiwa amelala, sisi tunakwenda kumpa pole. Nani kati yetu amewahi kumuuliza, "Na wewe ulilala kwa nini?" Lakini akiibiwa kupitia moyo wake, tunamuuliza papo hapo: "Umri ule alikuwa anatafuta nini?" Nitawaambia alichokuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta mtu wa kumuuliza ameamkaje. Na sisi tulikuwa wapi? Mwizi wa bahari ya mbali alikumbuka kumsalimia kila siku, sisi wa ukuta kwa ukuta tukawa tunamkumbuka tukiwa na harusi!

Mwizi hana aibu, analala vizuri. Aibu tumembebesha aliyeibiwa, na baadhi yenu mnaibeba mpaka humu kanisani mkiiita malaria. Itueni. Mungu aliyekuona unatuma ndiye huyo huyo anayekuona sasa, na hajasonya.

Nami sitamwita mtu mbele. Ibada ikiisha, nje pana chai na maandazi. Shika kikombe, msogelee mmoja unayemwamini, umwambie taratibu: "Unakumbuka ile pikipiki yangu?"

Na wewe utakayeambiwa, usiulize habari za mbwa. Tandika mkeka.