Picha ya Tunu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama wakilipana kwa karanga, Bi Kindi alikuwa mpiga picha. Mdogo, mwepesi, hatulii. Anapanda mti, analenga, kacha! Picha imepatikana.

Picha zake alizipeleka kwa Fisi, mwenye Ghala la Picha. Mwenye duka akitaka picha ya kubandika kwenye bidhaa zake, alikwenda kwa Fisi, akaikodi, akainakili, akairudisha. Kila picha ikikodiwa, Fisi alipokea kikapu kizima cha karanga. Kindi alipewa karanga moja. Moja, wanangu! Na Fisi hata hakuziangalia hizo picha. Alizifunga mafungu kwa kamba, akazitupa ghalani, basi.

Kindi alikuwa na binti mmoja tu, Tunu. Msimu mmoja wa mvua Tunu akaanza kukohoa. Koho! Koho! Usiku kucha, mchana kutwa. Kindi akamkimbilia Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Mtoto hajiwezi. Nipe changu nikanunue dawa."

"Marahaba, Bi Kindi. Chako hiki hapa." Akamhesabia karanga saba.

Dawa dukani kwa Kiboko ilikuwa karanga thelathini. Tunu hakumaliza wiki.

Hata arobaini haijafika, Kindi akapita mbele ya duka lile. Akasimama ghafla. Kwenye kila pakiti ya dawa ya kikohozi alikuwepo Tunu, anacheka, mashavu yamemjaa. Ilikuwa picha aliyompiga mwenyewe kabla hajaugua, akaipeleka ghalani pamoja na nyingine. Juu ya kichwa chake pameandikwa: MIMI NIMEPONA.

Kindi hakulia pale. Aliona haya kulia mbele ya wateja. Akaenda moja kwa moja kwa Fisi.

"Nirudishie picha ya mwanangu. Sina nyingine."

"Ikishaingia ghalani ni ya ghala," Fisi akasema, huku akichokoa meno. "Si ulitia dole gumba mkatabani mwenyewe? Tena inatoka sana hiyo! Hee hee hee!"

Kindi akarudi nyumbani. Akawaza: huyu haangalii picha zake, kwa hiyo hajui kilichomo ghalani. Na mwizi hana raha.

Kesho yake, jua likikaribia utosini, akarudi, anajitetemesha.

"Nisamehe, Bwana Fisi! Kuna picha iliingia kwenye fungu langu la mwisho kwa bahati mbaya. Ni yako."

"Yangu? Ninafanya nini?"

"Aka! Unajua mwenyewe. Mimi maisha yangu ni mtini, naona mengi. Na leo adhuhuri si ndiyo watu wa Mfalme Simba wanakuja kuchagua picha za arusi?"

Masikio ya Fisi yakalala. "Mungu wangu! Lile paja la ng'ombe! Uliniona nikiliiba kwa Simba?"

Kindi hakuwa ameona paja wala kwato. "Nifungulie mlango," akamwambia. "Naijua ilipo, naitoa mara moja."

Shabaha yake ilikuwa moja: aingie, amchukue Tunu, apenye darini, huyoo! Fisi akashika funguo. Akazitazama. Akasita.

"Nikufungulie? Uitoe, kesho unitishie nayo? Thubutu!"

Akakimbilia jikoni, akatoka na kijinga cha moto, akakirusha juu ya makuti ya ghala. Vuu!

"Usichome!" Kindi akapiga ukelele. "Hakuna picha! Nimekudanganya, wallahi nimekudanganya!"

"Mwenye picha lazima aseme hivyo!"

Kindi akajitupa mlangoni. Moshi ukamrudisha. Akajitupa tena, sharubu zikaungua. Paa likaporomoka, puu!

Wanyama wakaja mbio na ndoo. "Bwana Fisi, nani kachoma ghala?"

Fisi akili zilikuwa zimemruka. "Acheni liungue! Bora liungue kuliko Simba kuniona na paja lake mdomoni!"

Na watu wa Simba walikuwa wamekwisha fika, wamesimama nyuma yake. Fisi alipogeuka akawaona. Akatimua mbio, na mji ule hakuukanyaga tena.

Wapiga picha wenzake wote, waliokuwa wakipunjwa na Fisi kama yeye, wakamnyanyua Kindi juu juu. "Mjanja wetu! Kuanzia leo picha mpya tunazikodisha wenyewe, na kikapu ni chetu!" Wakamchangia karanga, kila mtu alichonacho. Kindi akawaomba wamshushe.

Akaenda dukani kwa Kiboko.

"Nipe pakiti moja ya dawa ya kikohozi."

"Karanga thelathini. Pole, jirani. Nani anaumwa tena?"

"Hakuna." Kindi akazihesabu thelathini mezani, moja moja. "Dawa baki nayo. Nataka pakiti."

Kiboko akaimimina dawa kwenye kopo, akampa pakiti tupu. Kindi akayakata yale maandishi kwa meno, akaukunjua uso wa mwanawe, akaupeleka nyumbani.

Basi, wanangu, mlipeni mtu kabla jasho lake halijakauka, maana vingine havilipiki baadaye.