Msaada kwa Mteja

Muuzaji wa ving'amuzi alimwapia Bi Nuruati kwamba tamthilia zote za Kituruki zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Bi Nuruati akachukua kimoja kwa mkataba, lakini alipokiwasha, watu walikuwa wanazungumza Kituruki kitupu. Akaenda ofisini kwao kuvunja mkataba.

"Mkataba ni wa miaka miwili, mama," meneja alisema. "Hauvunjwi."

"Na hapa pameandikwa msaada kwa mteja ni bure?"

"Bure kabisa. Wewe piga simu tu."

Jioni tamthilia ilipoanza, akapiga. "Mwanangu, yule mwenye ndevu kamwambia nini mkewe? Ngoja, mama mkwe naye kajibu. Kasemaje?"

Siku ya nne meneja alimfuata nyumbani, akauchana mkataba mbele yake. "Simu zako zimetuchosha, mama."

"Asante, mwanangu. Na majirani zangu saba mliowauzia, nao waanze kupiga leo?"