Prodyuza, Njia Kuu na Kinanda

Wapendwa, wanakwaya leo watanisaidia, maana hili ni la kwao.

Palikuwa na prodyuza mmoja, kijana mchapakazi, aliyejifunza kurekodi kwa kuhangaika mwenyewe. Sina ugomvi naye. Studio, kila sauti inawekwa njia yake kwenye kompyuta: mwimbaji yake, besi yake, gitaa yake. Mwisho zote zinaingia njia moja kuu, wenyewe wanaiita masta, ndipo wimbo unatoka spika. Ukigusa hapo umegusa vyote kwa mkono mmoja. Prodyuza wetu alipapenda hapo. Alibana, aling'arisha, alikuza, mpaka wimbo unagonga kifua.

Ikaja kwaya na mama mmoja mwimbishaji. Mama alikuwa na uvimbe kooni. Jumatatu anapasuliwa, na daktari amemwambia sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Wimbo ule ndio alitaka wajukuu wabaki nao. Hakuna kurudia.

Siku ya kusikiliza, prodyuza akafungulia, akakunja mikono. Vioo vikatetemeka. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kitenge mabegani.

"Dada huyu anaimba vizuri," akasema. "Ni nani?"

Mwalimu wa kwaya akacheka, kisha akaacha, maana mama hatanii.

"Ni wewe, mama," prodyuza akasema.

"Mimi? Haya."

Haya ile ilimchoma prodyuza kuliko tusi. Hamjawahi kuambiwa "haya" ya namna hiyo?

"Kaka, mpandishe mama kidogo," mwalimu akasema.

Akampandisha. Ile mitambo ya kubana aliyoiweka njia kuu, inayoshusha chochote kinachozidi sauti, ikaukandamiza wimbo mzima, mama akazama na wenzake. Akampandisha tena, yakawa yale yale. Hasira zikampanda.

"Mnaona tatizo ni kazi yangu ya mwisho? Nazima yote. Msikie mlivyo bila mimi."

Akazima. Wimbo ukatoka mwembamba, mkavu, hauna pa kujificha. Na wa kwanza kusikia alikuwa yeye. Besi walikuwa sawa. Sauti ya kwanza walikuwa sawa. Kilichomkalia mama kooni, mstari baada ya mstari, kilikuwa kinanda. Na kinanda kile nani alikipiga? Si yeye mwenyewe, kama maprodyuza wetu wanavyozipigia kwaya? Alikipenda, akakipandisha tangu mwanzo, na kila kilipogombana na sauti ya mtu yeye alikimbilia njia kuu kupaka rangi.

Wapendwa, angeweza kuwasha tena akasema, "Si mmesikia?" Nani angejua?

Mkono wake ukabaki juu ya kipanya.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "ni kinanda changu."

Akakishusha. Kisha akapita njia moja moja, mwimbaji kwa mwimbaji, mpaka mama akatoka alivyo, na mkwaruzo wake, na ile pumzi anayoivuta kabla ya ubeti wa tatu.

"Eeh," mama akasema, akijishika shingo. "Huyu namjua. Kifua chake kibovu hicho hicho."

Mwisho kabisa prodyuza alirudi njia kuu, akagusa kidogo tu, kama mtu anayemnyoosha mwenzake kola mlangoni. Mimi sisemi haiguswi. Nasema njia kuu haiwezi kutubu kwa niaba ya kinanda.

Sasa sisi. Tunapiga magoti: "Bwana, nisamehe makosa yangu yote, amina." Yote yapi? Hiyo ni njia kuu, mpendwa. Umepitisha mkono mmoja juu ya maisha yote, yakalainika, Jumapili unang'aa mpaka mlangoni tunakupisha. Nyumbani mkeo hasikiki. Mama mkwe wako akifungua mdomo, unaanza wewe. Ndugu yako uliacha kumsalimia msibani, na jana umefunga na kuomba. Unang'arisha nini?

Acha kumtazama jirani yako, nasema na wewe.

Wiki hii tuzime, tusikilize njia moja moja. Ni kukavu huko, najua, na tutasikia tusiyoyapenda. Ukikigundua kinanda chako, usinifuate ofisini kunieleza. Nenda kakishushe. Maana nyumbani kwako yupo mtu mwenye Jumatatu yake, na wewe hujui ni Jumatatu ipi.