Waliomtetea Koplo Gama

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi aondoke sasa hivi, maana hadithi hii haina sungura mjanja wala mfalme wa kumwoza binti. Ina mtu mmoja aliyependwa na watu watatu, na mapenzi yao ndiyo yaliyommaliza. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye.

Kule Ungoni palikuwa na askari mstaafu, Koplo Ladislaus Gama. Alipelekwa nchi ya watu kulinda amani, na amani yenyewe hakuikuta. Lori lililolitangulia la kwake lilikanyaga bomu, akaokota wenzake kwa mikono yake. Aliporudi nyumbani hakuweza tena kulala chini ya bati. Mvua ya Ungoni haina adabu, na kila ilipopiga bati Ladislaus alijitupa sakafuni akiita majina ya marehemu. Mwishowe akahamia jiko la nje lililoezekwa nyasi, akawa analala pale kwenye majivu.

Watu watatu walianza kumtoa mle, kila mmoja kwa kipaji chake.

Mama yake, Bibi Gaudensia, alijaliwa kumbukumbu. Alikaa mlangoni mwa jiko kila asubuhi akamtajia mwanawe ukoo wake, baba, babu na baba wa babu, nani alipigana wapi na nani hakukimbia, hadi Ladislaus akakumbuka kwamba na yeye ni mtu wa watu.

Mkewe, Editruda, alijaliwa kusitiri. Kuna usiku Ladislaus alimkaba shingo usingizini akidhani ni adui. Kulipokucha Editruda alijizungushia kitenge shingoni, akasema ana mafua, akaenda kisimani na kusalimiana na watu kama siku zote. Kwa sababu hiyo mumewe aliweza kupita njiani bila kuinamisha uso.

Wa tatu ni jirani yao Kalinga, fundi seremala, aliyejaliwa mdomo. Kalinga ni Mhehe, na mnajua wenyewe: babu za Wahehe na babu za Wangoni waliuana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu utani. Basi kila jioni akitoka kazini alisimama nje ya jiko na kupaza sauti, "Mngoni! Nyumba unayo, unalala na kuku! Babu zako wakikuona wataomba wazikwe upya!" Wapita njia walisonya, wakidhani anamtukana mgonjwa. Jioni moja likatoka tusi kutoka mle jikoni, na nyuma ya tusi kikatoka kicheko. Ladislaus alikuwa hajacheka tangu arudi.

Ndipo daktari wa jeshi akampima na kuandika: ugonjwa wa kiwewe, umetokana na vita. Kwa maneno hayo alipata malipo ya ulemavu kila mwezi, na dawa bila kulipia. Dawa zile zilimrudisha chini ya bati, kitandani kwake, kando ya mkewe. Ila kuna neno moja alilolipenda kupita malipo, nalo ni hilo "umetokana". Maana yake alikwenda mzima. Alikuwa akijisemea hivyo akinyoa ndevu: mimi nilikwenda mzima.

Haya. Serikali za watu hazipendi kulipa kitu kimoja kwa muda mrefu. Ikatoka amri kwamba wote wanaolipwa wapimwe upya, na daktari mwingine, mwenye cheo cha meja, akafika pale nyumbani. Akapewa kiti uani. Ladislaus kuona cheo begani, miguu ikajipanga yenyewe, kifua mbele.

"Hali yako, Koplo?"

"Niko fiti, afande!"

Askari hajibu vinginevyo. Meja akaitikia kwa kichwa, akasema sasa angependa kuwasikia walio karibu naye.

Bibi Gaudensia akaanza. Hakutaka mgeni aondoke akidhani serikali ilimchukua mtu dhaifu. "Baba, huyu ni damu ya askari," alisema. "Baba yake alikuwa akiamka usiku wa manane ameshika panga. Babu yake vilevile, halali bila mkuki kando. Wanaume wa ukoo huu ndivyo walivyo. Huyu kazaliwa hivyo." Alisema akitabasamu kwa fahari. Meja akaandika.

Editruda akafuata. Kabla hajaolewa shangazi zake walimfunda kwamba siri ya chumbani haitolewi nje hata kwa mtutu wa bunduki, na hapa palikuwa na mgeni, mama mkwe na jirani. "Mume wangu hana neno," akasema. "Analala vizuri. Ni mkimya tu, na ukimya huo nimemkuta nao. Tangu ananioa yuko hivyohivyo." Alisema hayo huku mkono ukishika shingo bila yeye mwenyewe kujua. Meja akaandika.

Kalinga naye angewezaje kunyamaza? Aliona rafiki yake amekauka kama nguzo, akataka kumlegeza. "Afande, msihangaike na vipimo! Huyu Mngoni ni kichaa tangu shule ya msingi! Tumesoma naye, alikuwa anagombana na miti. Wenye kosa ni nyie wanajeshi, mlimpa kichaa bunduki!" Uani kote wakaangua kicheko. Ladislaus alicheka, mama alicheka, hata Meja alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaandika.

Majibu yaliletwa kabla ya mvua za kwanza. Ugonjwa wa kiwewe umefutwa. Mahali pake pameandikwa: kasoro ya tabia, alikuwa nayo kabla ya kuingia jeshini. Malipo yakakoma na dawa zikakoma, maana jeshi halitibu usichokipata jeshini. Ladislaus aliyasoma mara moja tu, akaenda kunyoa ndevu, akajikuta hana la kujisemea.

Alikwenda mjini na Kalinga kumwona Meja. Hakuwa mtu mbaya yule Meja, na hilo ndilo linalonikera hadi leo, ningempata mbaya ningepumzika.

"Afande, ule ulikuwa utani!" Kalinga alilalamika. "Wewe mwenyewe ulicheka!"

"Nilijua ni utani," Meja akajibu. "Ungekuwa peke yako ningekuacha. Mama angekuwa peke yake, ningesema ni majivuno ya wazee. Mke peke yake, ningesema anaficha. Lakini mmekuja watatu na neno moja. Ningeandika nini?"

"Mimi nasema naumwa, afande," Ladislaus alisema.

"Siku ile ulisema uko fiti. Na neno la mgonjwa halihesabiwi, akisema anaumwa au akisema amepona." Meja alishusha sauti. "Kuna rufaa. Wanasikiliza shahidi mmoja tu, tena hadharani, kwenye ofisi ya kata. Mmoja wenu aape kwamba siku ile hakusema kweli. Akitoka mmoja, ripoti yangu inaanguka. Mwenye rufaa ndiye anayemtaja shahidi wake."

Jioni wakakaa sebuleni wote wanne. Nje mawingu yalikuwa yameshuka.

Editruda alitangulia kumuuliza mama mkwe, kwa adabu, macho chini. "Mama, samahani. Baba mkwe alianza lini kuamka na panga?"

"Aliporudi kutoka vita vya Kagera," Bibi Gaudensia alisema.

"Na babu?"

"Aliporudi kutoka Burma, vita vya Wazungu." Kisha yule mama akasikia alichokisema, akashika kichwa. "Unataka nikasimame pale kata niseme baba yake alikuwa mgonjwa? Mimi nilimzika shujaa! Nimemsifu kaburini mbele ya ukoo wote. Na mzee wake naye nikamvue jina? Nimebakiza siku chache, jamani, nitakwenda kuwaambia nini?"

"Basi nitakwenda mimi," Editruda alisema. "Nitavua kitenge, nitasema alinikaba. Lakini mnawajua kaka zangu. Waliapa wakisikia nimeguswa, wananirudisha nyumbani na watoto. Watasikia siku hiyohiyo."

Kalinga alikuwa akichezea kofia yake. Safari hii hakuwa na mzaha. "Kazi yangu ndiyo nyepesi, najua mnavyofikiri. Niape tu kwamba nilitania. Lakini mtani akishasimama mbele ya serikali na kuapa kwamba maneno ya utani ni uongo wa kuadhibiwa, utani umekufa kati yangu na nyumba hii. Nikipita hapa kesho nitakuamkia, 'Habari za jioni, Bwana Gama,' na wewe utanijibu, 'Nzuri, Bwana Kalinga.' Hata siku ya msiba wako nitakaa kimya na wageni." Alimtazama rafiki yake. "Nitaapa ukitaka. Sema wewe."

Ladislaus aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira nao. Alitamani angekuwa nayo, kwa sababu mwenye hasira huchagua haraka. Kila mmoja wao alikuwa dawa yake kabla ya ile ya hospitali, na sasa anaambiwa amwage mmoja ili arudishiwe ya vidonge.

Mvua ikapiga bati. Ladislaus akainuka, akachukua blanketi, akavuka uani akilowa hadi jiko la nyasi. Kwenye mlango akageuka. "Kesho nitataja jina," alisema.

Basi wasikilizaji wangu, msinikodolee macho mimi, kazi yangu nimemaliza. Akimtaja mama, anapona, na wazee wake wote wanazikwa mara ya pili, safari hii bila sifa. Akimtaja mke, anarudi kulala chini ya bati, na kitanda ni kitupu. Akimtaja Kalinga, anabaki na mama na mke, ila wa kumchekesha hana tena. Na asipomtaja yeyote, atakufa akiwa mtu aliyezaliwa hivyo, na lile lori halikukanyaga kitu.

Ungekuwa wewe, ungemtaja nani? Semeni kwa sauti, mvua ni kubwa, na yule mle jikoni hajalala, anawasikiliza.