Turubai la Bi Tunu

Sogeeni karibu, na msikilize vizuri, maana mwishoni nitawauliza.

Katika kambi ya Bi Tunu, mgombea udiwani, walikuwamo watu watatu. Kisamo alikuwa na mikono. Hakuna turubai lililomshinda. Lwiza alikuwa na maswali, na akianza kuuliza haachi mpaka ajibiwe. Zaituni alikuwa na maneno laini, hata aliyenuna alimfungulia mlango.

Siku moja Mama Ndekwa alifiwa na mumewe. Bi Tunu akapeleka msaada wa turubai. Lilipoinuliwa, waombolezaji wakaona picha yake akicheka, na chini yake maandishi: CHAGUA TUNU.

Picha zikasambaa kwenye simu. Mjane akasema, "Wamegeuza msiba wangu mkutano wa kampeni! Tukishazika, nakwenda kushtaki tume ya uchaguzi." Na akishtaki, Bi Tunu anaenguliwa kwenye uchaguzi.

Kisamo alifika mvua ikinyesha, na turubai jeupe la kuazima. Akalitandaza juu ya lile la kampeni, kisha akalichomoa la chini taratibu. Hakuna aliyelowa.

"We kijana, utatuangushia bomba la turubai!" alifoka mzee mmoja.

"Likikuangukia, babu, nitakubeba mgongoni mpaka kwako."

Kambini, Bi Tunu alikuwa tayari kusema vijana walijiamulia wenyewe. Lwiza akamuuliza aliyelipakia turubai nani alimtuma. "Dereva." Dereva akasema, "Meneja." Meneja wa kampeni akasema, "Mama mwenyewe." Lwiza akamgeukia Bi Tunu.

"Mama, uliagiza turubai lipi?"

Bi Tunu akajibu, "Sikusema lipi. Nilisema lifike tu. Basi kosa ni langu."

Lakini mjane hakutaka kumwona mtu yeyote wa kambi ile. Zaituni akavua fulana ya kampeni, akajifunga kanga, akaenda kuosha masufuria na wanawake wa jikoni.

"Wewe si mtu wa Tunu?"

"Ndiye mimi, shoga yangu. Ila sufuria halina chama."

Wakacheka kidogo, wakampeleka kwa mjane. Zaituni akamwomba jambo moja tu: amsikilize Bi Tunu.

Bi Tunu akaja, akapiga magoti. "Niliagiza bila kuangalia, dada. Nisamehe."

Mama Ndekwa akamwinua. "Ungewasingizia vijana, ningekufukuza. Picha yako ingekuwa bado iko pale nje, nisingekusikiliza. Na bila huyu binti, usingeuvuka mlango huu. Sishtaki. Asanteni, mume wangu anazikwa kwa heshima."

Baada ya maziko Bi Tunu aliwakusanya watu wake. "Nawashukuru mpaka nakosa maneno. Lakini huku kwetu kila mtu anatuma, hakuna anayewajibika. Kuanzia leo awepo msimamizi mmoja. Agizo lolote, hata langu, lisitoke bila yeye kuridhia."

Meneja akavua kitambulisho chake cha shingoni, akamkabidhi Bi Tunu amvishe huyo msimamizi.

"Apewe Lwiza," alisema Kisamo.

"Apewe Kisamo," alisema Lwiza.

"Na mimi je, nirudi kwenye masufuria?" aliuliza Zaituni, na kambi nzima ikaangua kicheko.

Bi Tunu alisimama na kitambulisho mkononi, akiwatazama mmoja mmoja, kwa kuwa watatu wote walimwokoa na kamba ya kukivaa ilikuwa moja.

Haya, semeni. Ingekuwa ni wewe, ungemvisha nani?